Semina ya siku moja haimzuii mtu kutuma "ile hela": barua ya wazi kwa Wizara ya Elimu, TET na TCRA

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Ndugu Mkurugenzi Mkuu, Taasisi ya Elimu Tanzania,
Ndugu Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

YAH: ELIMU YA KUTAMBUA ULAGHAI NA UZUSHI WA MTANDAONI IHAMIE DARASANI

Waheshimiwa,

"Ile hela tuma kwenye namba hii, laini yangu ina shida. Jina litakuja tofauti."

Ni vigumu kumpata Mtanzania mwenye simu asiyeijua meseji hii. Tunaanza nayo kwa sababu maneno yake machache yamebeba somo zima la saikolojia ya ushawishi, na kwa sababu maonyo mengi yanayotolewa dhidi yake yanapiga pembeni ya shabaha.

Itazameni tena. Haina jina la mwandishi, haina kiasi, haisemi hela ni ya nini. Kazi yote ameachiwa "ile". Mswahili akisema "ile hela" anazungumzia hela ambayo wewe na yeye mnaijua tayari. Tapeli hajui lolote kukuhusu. Anaituma kwa maelfu ya namba, akijua kwamba humo, hasa mwisho wa mwezi au wiki ya kufungua shule, wapo wachache ambao dakika hiyohiyo walikuwa wanajiandaa kutuma hela kwa fundi, kwa mtoto aliye chuoni, kwa mwenye nyumba. Hao wataijaza meseji wenyewe. Halafu inakuja "jina litakuja tofauti". Ule utaratibu wa simu kuonyesha jina la mpokeaji kabla hujaweka namba ya siri uliwekwa ili kumlinda mtumaji. Hapa umegeuzwa kuwa uthibitisho: umeambiwa jina litakuwa geni, limekuja geni, basi mambo yako sawa.

Aliyepigwa kwa njia hii si mjinga wala si mgeni wa mjini. Mngemuuliza asubuhi ya siku hiyo kama anaujua utapeli wa simu, angewatajia aina tano bila kusita. Ujuzi anao. Kilichokosekana ni mazoea ya kusimama sekunde kumi wakati moyo una haraka. Tangazo la redio linalosema "jihadharini na matapeli" linaongeza ujuzi ambao mtu tayari anao, na haligusi mazoea. Namba 15040 ya kuripoti meseji za kitapeli ni jambo jema, na *106# ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako pia, lakini zote mbili zinamfaa mtu aliyekwisha kushtuka. Barua hii inamhusu ambaye bado hajashtuka.

Tunaomba fedha na muda unaotumika kwenye kampeni za msimu, fulana, mabango na semina za siku moja vihamie kwenye vipindi vya darasani vinavyorudiwa na kupimwa.

Semina fupi imeshapimwa. Wakati wa uchaguzi wa India wa 2019, mtafiti Sumitra Badrinathan aliendesha jaribio katika jimbo la Bihar lenye washiriki 1,224. Waliofundishwa walifuatwa nyumbani, uso kwa uso, kwa takriban saa moja, wakaonyeshwa namna ya kukagua picha na kutafuta chanzo cha habari. Kwa wastani, baadaye hawakutambua uongo zaidi ya wale ambao hawakufundishwa. Miaka michache baadaye yeye na wenzake walirudi katika jimbo hilohilo, safari hii wakishirikiana na serikali ya jimbo: wanafunzi zaidi ya 13,500, vijiji 583, vipindi 4 vilivyotawanywa ndani ya wiki 14. Matokeo yalikuwa makubwa, miezi minne baadaye yalikuwa bado yapo, na yaliwafikia hata wazazi ambao hawakukanyaga darasani. Jimbo ni lilelile, na tatizo ni lilelile. Tofauti kubwa ni kwamba mara ya pili wanafunzi walirudiarudia somo, wakapewa muda, na walifundishwa mahali walipopazoea.

Kama Bihar ni mbali, tutazame jirani. Mwaka 2016 watafiti wa Uganda na Norway, wakiwemo Allen Nsangi, Daniel Semakula na Andy Oxman, walichukua shule za msingi 120 za Uganda ya kati, zenye watoto zaidi ya 10,000 wa darasa la tano. Nusu ya shule, zilizochaguliwa kwa kura, zilifundisha vipindi 9 vya dakika 80 katika muhula mmoja. Somo lilikuwa madai ya tiba: nani kasema, amelinganisha na nini, je, mtu mmoja kupona kunathibitisha kwamba dawa ndiyo iliyomponya? Mtihani ulikuwa na maswali 24, na kufaulu ni kupata 13. Walifaulu asilimia 69 ya watoto waliofundishwa, dhidi ya asilimia 27 ya wasiofundishwa. Mwaka mmoja baadaye watafiti walirudi: asilimia 80 kwa 51. Wazazi, ambao wao walipewa vipindi vya sauti tu vya kusikiliza, walianza vizuri lakini baada ya mwaka sehemu kubwa ya faida ilikuwa imeyeyuka.

Tunaomba jambo moja lisipite hivihivi. Shule zile hazikuhitaji kompyuta. Vifaa vilikuwa kitabu cha hadithi za katuni, daftari la mazoezi na mwongozo wa mwalimu. Vishikwambi vilivyogawiwa kwa walimu baada ya Sensa ya 2022 vinafaa kwa mengi, lakini kugawa kifaa ni jambo moja na kumfundisha mtu kukitumia kwa akili ni jambo lingine. Mtoto anaweza kujifunza kuupima uongo wa mtandaoni kwa karatasi na penseli, tena kwa utulivu zaidi, maana karatasi haina kitufe cha kusambaza.

Sasa vipindi vyenyewe. Dakika 80 ni vipindi viwili mfululizo vya dakika 40, kwa hiyo ratiba ya shule ya msingi haivunjiki. Somo jipya halihitajiki. Nafasi ipo kwenye ufahamu katika Kiswahili na kwenye Sayansi. Dakika 10 za kwanza ni za kurudia mbinu ya wiki iliyopita, 25 za mbinu mpya, 30 za kazi za vikundi, 15 za maswali. Darasa la wanafunzi 70 ligawanywe vikundi 10 vya watoto saba saba, kila kikundi na pakiti yake ya kadi. Pakiti moja ikizungushwa darasa zima, wanaosoma ni wa dawati la mbele na wengine wanasubiri kengele.

Kwenye kadi kuwe na nini? Wazo la msingi ni la William McGuire, mwanasaikolojia wa Marekani, la mwanzoni mwa miaka ya 1960: akili inaweza kuchanjwa kama mwili unavyochanjwa, kwa kuonyeshwa dozi hafifu ya uongo na namna ya kuujibu kabla uongo kamili haujafika. Jon Roozenbeek na Sander van der Linden wa Cambridge walilileta wazo hili kwenye zama za mitandao, na mwaka 2022, wakiwa na wenzao, walichapisha majaribio ya video za takriban dakika moja na nusu zilizofundisha mbinu tano: maneno ya kuchoma moyo, hoja zinazojipinga, kulazimisha watu wachague moja kati ya mawili kana kwamba hakuna la tatu, kutafuta wa kubebeshwa lawama, na kumshambulia msemaji badala ya hoja yake. Kwa mazingira yetu tungeongeza mbili: kujificha nyuma ya mkubwa ("nimeipata kwa mtu wa ndani wizarani") na kukimbiza watu ("sambaza kabla hawajaifuta").

Wanafunzi wanajifunza haraka zaidi wakitunga wenyewe meseji ya uongo kwa mbinu waliyofundishwa siku hiyo. Hapa pana hatari mbili. Ya kwanza ni mada. Watoto watunge kuhusu mambo ya kubuni kabisa, mathalani maji ya ukwaju yanayorefusha watu kwa siku tatu. Chanjo halisi, kabila, dini, chama, mwalimu au jirani visiguswe, maana dozi hafifu isipokuwa hafifu ni ugonjwa wenyewe. Ya pili ni karatasi. Mwishoni mwa kipindi zikusanywe na kuchanwa. Itatosha moja itoke, ipigwe picha, na mwalimu mkuu atakuwa na kesi ya kueleza kwa kamati ya shule.

Kosa kubwa kuliko hayo mawili ni la mwalimu, na linatokana na mitihani yetu zaidi kuliko uzembe wake: somo litageuzwa kuwa "taja na ueleze mbinu tano za upotoshaji". Mtoto atazikariri, atapata alama zote, na jioni atamsomea bibi yake meseji ya zawadi ya bando kama ilivyo. Kwa hiyo mwongozo wa mwalimu upige marufuku swali la kutaja. Kila swali liwe na ujumbe halisi au wa kubuni, na jibu liwe ni uamuzi: nasambaza, sisambazi, au naenda kuuliza kwanza, na kwa nini. Nyuma ya mwongozo kuwe na majibu yenye maelezo, kwa sababu mwalimu naye yumo kwenye grupu la WhatsApp la walimu, na baadhi ya kadi zitamchanganya kama zinavyomchanganya mwanafunzi.

Kwa sekondari, somo moja linastahili vipindi vitatu peke yake: kuutoka ukurasa. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Stanford waliwapa kazi ya kupima tovuti watu 45: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wakaguzi 10 wa habari kwa taaluma, na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Wanahistoria na wanafunzi wengi walibaki kwenye ukurasa, wakaukagua nembo, lugha, mpangilio, wakadanganyika. Wakaguzi walitoka upesi, wakafungua kurasa nyingine kuona wengine wanasema nini kuhusu tovuti ile. Ni sawa na familia inayomchunguza mchumba: haimuulizi yeye kama ana tabia njema, inauliza majirani.

Katika vipindi hivyo mwanafunzi afundishwe pia kusoma anwani ya tovuti kuanzia kulia. Apuuze mwanzo wake (https://), atafute mkwaju (alama ya /) wa kwanza baada ya jina, kisha asome kurudi nyuma. Anwani ya serikali inaishia na .go.tz kabla ya mkwaju huo. Anwani ya kubuni kama nafasi-ajira-go-tz.com ina herufi zote za serikali lakini mwisho wake ni .com, na .com hununuliwa na yeyote mwenye kadi ya benki. Hii inafundishika kwa dakika 20 ubaoni. Mtafuta ajira aliyeijua hatalipa "ada ya usaili" kwa mtu asiyemjua.

Na vipimo. Tunaomba tusikilizwe hapa kwa makini, kwa sababu miradi mingi huharibikia hapa huku ikipongezwa. Mtihani wenye uongo mtupu humpa alama zote mtu anayekataa kila kitu. Chukueni kadi 20, 10 za kweli na 10 za uongo. Kabla ya mafunzo, darasa linakataa kadi 6 za uongo na 2 za kweli. Tofauti ni 4. Baada ya mafunzo linakataa 9 za uongo na 5 za kweli. Ripoti itaandika kwa fahari kwamba utambuzi wa uongo umepanda kutoka 6 hadi 9, wakati tofauti ni 4 ileile. Watoto hawakujifunza kutenganisha; wamejifunza kushuku. Mwaka 2023 Ariana Modirrousta-Galian na Philip Higham walipochambua upya takwimu za baadhi ya michezo ya kompyuta ya "chanjo" hii, walikuta jambo la aina hiyohiyo: wachezaji walikuwa wepesi zaidi wa kukataa, bila kuwa hodari zaidi wa kutofautisha. Sisi tunaoiamini mbinu ya chanjo hatuna budi kulimeza hilo.

Kushuku kila kitu kuna gharama yake. Machi 2023 Kagera ilipopata Marburg, habari ya kweli ilikuwa na sura yote ya uzushi: ugonjwa usiozoeleka, vifo vya ghafla, jina la kigeni. Raia aliyefundishwa kukataa tu angeikataa hiyo nayo. Ndiyo maana nusu ya kadi lazima ziwe za kweli, tena za kweli zinazoshangaza.

Pia mtihani usiwe mmoja wa mwisho. Utafiti wa Rakoen Maertens na wenzake wa 2021 ulionyesha kwamba kinga hii, ikiachwa, hufifia ndani ya miezi miwili hivi, lakini walioendelea kupimwa mara kwa mara walikuwa nayo bado baada ya miezi mitatu. Maswali yenyewe ni dozi ya kuongezea. Kadi tano kila mwezi, dakika 15, zinatosha.

Kwa watu wazima waliokwisha kutoka shule, ipo njia nafuu. Nchini Kenya, Susan Athey wa Stanford na wenzake waliwapa watu karibu 9,000 kozi ya siku tano kwa meseji za simu. Kozi iliyowafundisha kutambua jinsi ujumbe unavyochezea hisia zao ndiyo iliyopunguza zaidi nia ya kusambaza uongo, kuliko ile ya kuwafundisha kuhakiki hoja. Inaingia vizuri hata kwenye kitochi.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu wa TCRA, yapo mambo ambayo shule haiwezi kuyafanya.

Bando. Mwananchi mwenye bando la mitandao ya kijamii pekee anapokea uzushi ndani ya bando hilo, na akitaka kutoka kwenda kuuhakiki anaambiwa hana salio. Tunamfundisha kuutoka ukurasa na papo hapo tunamtoza nauli ya kutoka. Tovuti zote za .go.tz zifunguke bila kukata bando, angalau kurasa za taarifa kwa umma.

Taarifa kwa umma zenyewe. Nyingi hutoka kama picha ya barua: nembo juu, mhuri, sahihi. Hakuna kitu rahisi kughushi kama hicho, maana mghushi ana mamia ya nakala za nembo na mihuri ya kuchezea. Kisha ofisi inaitoa ileile picha ya uongo, kubwa, ikiwa imegongwa "SI KWELI" kwa wino mwekundu, na mtu anaukata mhuri huo kwa kidole na kuisambaza upya. Hata isipokatwa, kurudia uongo huujengea mazoea. Toka jaribio la Hasher, Goldstein na Toppino la 1977 inajulikana kwamba kauli iliyosikika mara kadhaa huonekana ya kweli zaidi, hata ikiwa si kweli. Utaratibu unaofaa ni huu: sentensi ya kwanza iwe ukweli; uongo utajwe mara moja tu, bila picha yake; itajwe mbinu iliyotumika; ukweli urudiwe. Na kila taarifa itoke kwanza kama maandishi kwenye tovuti ya .go.tz, ikiwa na namba ya kumbukumbu, na namba hiyo iweze kuhakikiwa bure kwa msimbo wa simu ya kawaida. "Ipuuzeni taarifa hiyo" haimwambii mtu ashike lipi.

Kizuizi kidogo kwenye miamala. Aprili 2020 WhatsApp iliamua kwamba ujumbe uliosambazwa mara nyingi, ule wenye mishale miwili, utumwe kwa grupu au mtu mmoja tu kwa wakati. Kampuni yenyewe ilisema usambazaji wa ujumbe wa aina hiyo ulishuka kwa asilimia 70. Hakuna aliyekatazwa kitu. Kidole kilicheleweshwa tu. Kampuni za simu ziweke skrini moja pale mtu anapotuma kwa mara ya kwanza kwa namba asiyowahi kuitumia: "Umeongea na mwenye namba hii kwa sauti leo? 1 Ndiyo, 2 Hapana." Isijitokeze kwenye kila muamala. Ikija kila mara, ndani ya wiki watu watabonyeza 1 bila kusoma, kama wanavyobonyeza "nakubali masharti". Ije kwa namba mpya tu, na juu ya kiwango mtakachokipanga.

Kuhusu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 tunasema kwa kifupi. Kifungu cha 16 kinampa anayechapisha taarifa za uongo, akijua ni za uongo na kwa nia ya kupotosha, faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Kwa tunavyouelewa mwenendo wa watu, adhabu ya namna hiyo haimfundishi mtu kupima, inamfundisha kunong'ona. Maswali ya "hii ni kweli jamani?" yanahama kutoka mahali pa wazi, ambako mwenye jibu angejibu, yanaingia kwenye magrupu yaliyofungwa.

Hatuombi mtaala mzima ubadilishwe Januari. Chagueni shule 60 kwenye mikoa mitatu, mmoja wake uwe wa vijijini hasa. Kwa kura ya hadharani, 30 zianze muhula wa kwanza na 30 zisubiri mwaka mmoja, ili pawe na wa kulinganisha nao. Walimu wapewe siku mbili za mafunzo. Kadi za mtihani zitungwe na watu ambao hawakuandika mwongozo, zifungwe kwenye bahasha, zisionwe na mwalimu wala na sisi mpaka siku yenyewe. Kabla ya kuanza, tangazeni kwa maandishi tarehe ambayo matokeo yatatolewa, yawe mazuri au mabaya, ili yakiwa mabaya pasiwe na kabati la kuyafungia.

Ni sisi, watafiti na wakufunzi wa saikolojia ya ushawishi mtandaoni.